MWAKA MPYA WA SHULE: TUMPELEKEJE MTOTO KIDATO CHA TANO?

Somo la kusomwa nyumbani na katika vikundi



Kila mwaka unapoingia mwezi wa Julai, maharage yamekwisha kuvunwa, kiangazi kimeshika, na shule za sekondari ya juu hufungua mwaka mpya wa masomo. Wadogo wa Kidato cha Kwanza hadi cha Nne huanza mwaka wao Januari. Kidato cha Tano huanza Julai, miezi kadhaa baada ya vijana kupata matokeo yao ya Kidato cha Nne. Hapa Kasulo habari huja siku hizi kwa simu: “Fulani amechaguliwa!” Mama hupiga vigelegele, baba huitwa kutoka shambani, na jirani huja kupongeza. Kisha hufika ile fomu ya maelekezo ya kujiunga na shule. Husomwa ukurasa wa kwanza, wa pili na wa tatu, na furaha huanza kupungua.

Katika somo hili twataka kufundishana jambo moja, nalo ni hili: nafasi ya Kidato cha Tano hutolewa na serikali, lakini hulindwa na nyumba ya mtoto pamoja na jirani zake. Sisi tuliosomea ualimu chuoni na kutumia miaka yetu mbele ya ubao tumeona vijana wenye akili wakiipoteza nafasi hiyo. Hawakushindwa masomo, wala wazazi wao hawakuwa maskini kuliko wengine. Wakubwa wao hawakukaa chini mapema kuhesabu na kusemezana, basi. Kwa hiyo tuyatazame mambo saba, moja baada ya jingine.

1. TUKUMBUKE TULIKOTOKA

Vijana wa leo hudhani Kidato cha Tano kimekuwapo siku zote kama mlima. Sivyo. Mwalimu Nyerere alipotoa maandishi yake ya Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, alieleza hesabu ya nchi yetu. Mwaka 1961, tulipopata Uhuru, Tanganyika yote ilikuwa na wanafunzi 11,832 katika shule za sekondari, na katika hao waliokuwa Kidato cha Sita walikuwa 176 tu. Hebu tufikiri: watu 176 wangeweza kukaa katika kanisa moja la mtaa, na bado pangebaki nafasi za wageni. Mwaka 1967 wanafunzi wa sekondari walikuwa wamefika 25,000, na wa Kidato cha Sita 830.

Tangu hapo mlango umepanuliwa mara nyingi. Elimu ya msingi kwa wote ilitiliwa mkazo na Azimio la Musoma la 1974, na ikaanza kutekelezwa nchi nzima 1977. Katika miaka ya 2000 zikajengwa shule za sekondari za kata, hata mtoto wa kijijini akaweza kufika Kidato cha Nne akilala kwao. Januari 2016 ada iliondolewa kwa Kidato cha Kwanza hadi cha Nne katika shule za serikali, na Julai 2022 ikaondolewa pia kwa Kidato cha Tano na cha Sita.

Tunayataja haya ili tuone mahali ulipo mlango mwembamba leo. Zamani mtoto alikwama alipomaliza darasa la saba. Sasa wengi huvuka hapo, na mchujo huja baada ya Kidato cha Nne. Aliyeuvuka mchujo huo amefanya kazi kubwa. Ni aibu yetu sisi wakubwa akishindwa kuendelea kwa sababu ya godoro na ndoo.

2. TUHESABU MUDA

Watu husema Kidato cha Tano na cha Sita ni miaka miwili. Tuihesabu hiyo miaka miwili kama wafanyavyo walimu. Mwanafunzi huanza Julai. Mtihani wa taifa wa Kidato cha Sita hufanyika Mei ya mwaka wa pili baada ya ule aliojiunga. Kuanzia Julai hiyo hadi mwisho wa Aprili kabla ya mtihani ni miezi 22. Sasa ondoa likizo za Desemba mara mbili, ondoa likizo ya Juni, ondoa na zile likizo fupi za katikati ya muhula. Inabaki kama miezi 18 ya kusoma.

Miezi 18 si mingi, maana masomo ya ngazi hii ni mazito kuliko yale ya Kidato cha Nne, ambayo mtoto alipewa miaka minne kuyasoma. Kwa hiyo anayeripoti mwezi mmoja baada ya wenzake amepunguza fungu kubwa la muda wake. Tena wiki za kwanza ndizo ambazo mwalimu hueleza misingi ya somo, hugawa vitabu na kupanga vikundi vya kujisomea. Anayekuja baadaye huwakuta wenzake wamekwisha kuzoeana na wanayatumia maneno ambayo yeye hajayasikia.

Zaidi ya hayo, fomu ya kujiunga hutaja tarehe ya kuripoti na tarehe ya mwisho ya kupokelewa. Aliyechelewa kupita tarehe hiyo aweza kukuta nafasi yake imekwisha kupewa mwingine. Basi mzazi asiseme, “Tutampeleka tukishauza kahawa.” Kahawa ina msimu wake na shule ina tarehe yake, wala hizo mbili hazingojani. Ikionekana wazi kwamba mtoto atachelewa, namba ya simu ya shule imeandikwa katika fomu. Mzazi apige kabla ya siku kufika, ajitambulishe kwa heshima, aeleze sababu na ataje siku atakayomleta. Mkuu wa shule akipata taarifa mapema ana la kufanya, lakini akikaa kimya wiki tatu bila habari atafanyaje?

3. TUHESABU GHARAMA

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana Yesu ataja mtu atakaye kujenga mnara, ambaye yampasa kwanza kuketi na kupima kama ana mali ya kuumaliza. Twaomba tulitazame sana hilo neno la kuketi. Gharama za shule nyumbani kwetu huhesabiwa watu wakiwa wamesimama, tena mlangoni, usiku wa kuamkia safari.

Ada haipo katika shule za serikali, na chakula cha wanaolala bweni hugharamiwa na serikali. Yanabaki nauli, sare, godoro, mashuka, chandarua, ndoo, viatu, madaftari, vifaa vya hesabu, rimu ya karatasi, vyombo vya usafi, na michango iliyotajwa katika fomu. Ukiisoma orodha hiyo kwa pamoja inatisha. Kwa hiyo igawe katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la vitu visivyosubiri. Humo mna nauli, sare za siku ya kwanza, godoro, madaftari na kalamu, na fomu ya uchunguzi wa afya iliyojazwa hospitali. Bila hivyo mtoto hawezi kukaa shuleni wala darasani.

Fungu la pili ni la vitu vinavyoweza kufuata baadaye. Shati la pili, sweta na baadhi ya vitabu vyaweza kupelekwa wakati wa likizo ya Desemba. Michango nayo mara nyingine mkuu wa shule hukubali ilipwe kwa awamu, mradi mzazi ameomba na si kwamba amenyamaza.

Fungu la tatu ni la vitu vya kuazima au kurithishana. Sanduku la bati halichakai kwa miaka miwili. Kijana aliyemaliza Kidato cha Sita mwezi wa Mei ana sanduku, ana vitabu, ana madaftari yaliyojaa mafunzo mazuri, na hivyo vyote vimekaa darini kwao vikiliwa na mchwa. Kwa nini visipewe anayeanza Julai?

Hapa yafaa tuseme juu ya mazao. Maharage ya masika huvunwa nyumba zote wakati mmoja, na ndiyo maana Juni bei huwa chini. Mwenye mtoto wa kupeleka shule huuza yote kwa bei hiyo, kisha mwezi wa Oktoba hununua maharage ya kula kwa bei ya juu. Njia iliyo bora ni kuanza kuweka akiba mapema, tangu Januari matokeo yanapotoka, hata kabla majina ya waliochaguliwa hayajatangazwa. Kidogo kidogo kila wiki katika kikundi cha akiba, au debe moja moja la mahindi lililotengwa kwa jina la mtoto. Haba na haba hujaza kibaba.

Twaonya pia juu ya mambo mawili. La kwanza, tusiuze shamba la migomba ili kulipia vitu vya mwezi mmoja. Shamba hilo ndilo litakalowalisha wadogo zake, na yeye mwenyewe akirudi likizo. La pili, tujihadhari na mikopo ya haraka yenye riba kubwa, ambayo mtu huichukua Julai na kuilipa hadi Julai nyingine. Kabla ya kuvifikia vitu hivyo viwili, mzazi aseme na ndugu, na jirani, na wazee wa kanisa. Kusema shida yako si kuomba omba.

4. TAHASUSI NA ULE UVUMI WA MJINI

Mwanafunzi wa Kidato cha Tano husoma masomo matatu makuu yanayokwenda pamoja, pamoja na masomo mengine ya lazima. Mkusanyiko huo wa masomo matatu huitwa tahasusi. Wengi wetu tunazijua zile za zamani: PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, PCB, ambayo ina biolojia mahali pa hisabati, HGL, yaani historia, jiografia na Kiingereza, HKL, yaani historia, Kiswahili na Kiingereza, na nyinginezo. Mwaka 2024 serikali iliongeza tahasusi nyingi mpya, hata mzazi aliyesoma zamani huenda asizitambue herufi hizo.

Shida hutokea pale kijana anapopangiwa tahasusi ambayo hakuitamani. Hukaa nyumbani, hununa, husema atarudia mtihani. Wengine humtia moyo vibaya kwa kumwambia kwamba masomo ya sanaa hayana kazi. Hapa kwetu Ngara maneno hayo yamezidi tangu mkataba wa nikeli ya Kabanga ulipotiwa saini Januari 2021. Kila kijana ameambiwa awe mhandisi wa mgodi! Ni vema tuwe na wahandisi wanaotoka Ngara, wala hatupingi. Lakini penye mgodi huhitajika pia mhasibu, mwanasheria, mwalimu, muuguzi, afisa wa mazingira, na mtu wa kuandika barua inayoeleweka.

Ushauri wetu ni huu. Tazameni alama za mtoto, wala si uvumi. Aliyepata C ya hisabati kwa jasho na A ya historia kwa furaha amekwisha kujieleza mwenyewe. Kama kweli amepangiwa masomo asiyoyaweza, upo utaratibu wa kuomba kubadilishiwa, nao una muda wake. Aende kumwona mwalimu wa taaluma wa shule aliyotoka, au afike shule aliyopangiwa na kuomba akiwa pale pale. Kuomba ukiwa ndani ya shule ni rahisi kuliko kuomba ukiwa jikoni kwa mama.

Tena tujue lengo. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu, anayetaka kusoma shahada huhitaji ufaulu wa masomo mawili makuu wenye jumla ya pointi 4. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kwa hiyo mwenye D mbili amefikia kizingiti, ingawa shahada nyingi hudai zaidi, kama vile udaktari. Kijana akijua hesabu hii tangu Julai ya kwanza hujua anakimbilia wapi.

Na wale waliopangiwa vyuo vya kati, au waliochagua ufundi, tusiwasikitikie kama waliofiwa. Afya, kilimo na ufundi umeme ni kazi zinazohitajika hapa hapa Kasulo. Kidato cha Tano ni mlango mmoja tu wa nyumba yenye milango mingi.

5. LUGHA YA TATU

Mtoto wetu alianza kusema Kihangaza, Kishubi au Kisubi kwa bibi yake. Akaingia shule ya msingi akafundishwa kwa Kiswahili. Akaingia sekondari, masomo yakawa kwa Kiingereza. Sasa amefika Kidato cha Tano, ambako haitoshi tena kukumbuka majibu mafupi. Itampasa kuandika insha ndefu, kutoa hoja na kuitetea, kwa lugha ambayo ni ya tatu kwake.

Katika kitabu cha Danieli, sura ya kwanza, twasoma habari za vijana waliopelekwa Babeli wakafundishwa elimu na lugha ya Wakaldayo kwa muda wa miaka mitatu. Waliyafanya mambo mawili kwa pamoja. Walijifunza kwa bidii ile lugha ngeni na elimu yake hata wakawapita wengine wote, na wakati huo huo hawakusahau walikotoka. Hilo ndilo tunalotaka kwa watoto wetu.

Basi tangu wiki zile za kusubiri Julai, kijana asikae bure kijiweni pale Benaco akihesabu malori ya Rwanda na Burundi. Asome ukurasa mmoja wa Kiingereza kila siku kwa sauti. Aandike maneno matano mapya katika daftari dogo, na jioni ayatumie katika sentensi zake mwenyewe. Kama hana kitabu, amwendee mwalimu jirani, na wastaafu pia tupo. Mzazi asiyejua Kiingereza aweza kusaidia vilevile: amwambie mtoto, “Nieleze kwa Kiswahili ulichosoma.” Asiyeweza kueleza kwa lugha ya nyumbani hajaelewa bado. Na amwachie saa moja ya mwanga wa taa bila kumtuma dukani. Saa hiyo ndiyo ada aliyobaki nayo mzazi.

6. BINTI NAYE AMECHAGULIWA

Jambo hili twalisema kwa uwazi, maana ni la uzito. Pale ambapo kaka na dada wote wawili wanahitaji shule na fedha ni kidogo, nyumba nyingi bado humtazama kijana wa kiume kwanza. Husemwa kwamba binti ataolewa. Wazee, tuangalieni hoja hiyo vizuri. Nani aliyemlipia bibi dawa mwaka jana? Nani hutuma fedha ya mbolea? Kila mmoja akijibu kwa haki atakuta kwamba binti aliyesoma hakuisahau nyumba ya baba yake.

Safari yenyewe nayo ina hatari. Shule za Kidato cha Tano hupokea wanafunzi kutoka mikoa yote, kwa hiyo binti wa Kasulo aweza kupangiwa Tabora au Iringa. Atapita Nyakahura, Lusahunga, Nyakanazi na Kahama, na huenda akalala njiani katika mji asioujua. Asiachwe asafiri peke yake kwa mara ya kwanza. Kama nauli ya mzazi haipatikani, watafutwe wanafunzi wengine wa njia ile ile, waende pamoja na mtu mzima mmoja aliyechaguliwa na wazazi wote. Apande basi la abiria kituoni, asipande lori wala gari la mtu aliyejitolea kumsaidia barabarani.

Na watu wazima wa hapa petu tukumbushane sheria. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, mtu anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari aweza kufungwa miaka 30. Kidato cha Tano na cha Sita ni sekondari. Kwa hiyo jambo hilo halimalizwi kwa mbuzi wawili nyuma ya nyumba. Lakini binti aliyepatwa na mimba akakatisha masomo tusimfungie mlango. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana wa namna hiyo kurudi katika shule za kawaida. Mlango wa shule umefunguliwa, na wa nyumbani usibaki umefungwa.

7. KARATASI ZAKE

Sisi watu wa mpakani twajua thamani ya karatasi. Hata hivyo cheti cha kuzaliwa cha mtoto hutafutwa siku ya mwisho. Tuanze sasa, mtoto anapoingia Kidato cha Tano, maana miaka miwili ijayo ataomba mkopo wa elimu ya juu. Bodi ya Mikopo hudai cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Aliyefiwa na mzazi hudaiwa pia cheti cha kifo. Na nyumba iliyo katika mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini itunze vizuri kumbukumbu zake, maana huangaliwa.

Majina ndiyo yanayowasumbua wengi. Shuleni aliandikwa kwa jina la babu, katika cheti cha kuzaliwa limeandikwa jina la baba, na herufi moja imebadilika njiani. Wekeni cheti cha kuzaliwa na cheti cha Kidato cha Nne pamoja juu ya meza, msome herufi kwa herufi. Kosa likionekana leo kuna miaka miwili ya kulisahihisha kwa utulivu. Likionekana siku ya mwisho ya maombi, kijana atalia. Toeni nakala za karatasi zote, muache moja kwa mtu mwaminifu nje ya nyumba yenu, maana nyumba huungua.

VAZI LA HANA

Mtakumbuka habari za Hana, mama yake Samweli, katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli. Wengi huhubiri juu ya machozi yake na juu ya siku aliyompeleka mtoto Shilo. Sisi walimu hupenda zaidi mstari wa 19 wa sura ya pili, ambapo twaambiwa kwamba kila mwaka alimshonea kanzu ndogo na kumpelekea walipokwenda kutoa dhabihu. Kila mwaka! Maana yake alijua kwamba mtoto amekua, akamkadiria kimo chake. Hakudhani kwamba kazi yake ilikwisha siku ile alipomwacha mlangoni kwa kuhani.

Hilo ndilo tunalokosa. Tunampeleka mtoto Julai kwa shangwe, kisha hatumuulizi neno hadi matokeo. Mzazi ampigie mwalimu wa darasa simu mara moja kila muhula. Desemba amwambie mtoto alete ripoti, waisome pamoja, na asianze kwa kugomba. Aulize: somo gani limekushinda, nani anakusaidia, unalala saa ngapi, una rafiki gani? Hayo ndiyo mavazi ya kila mwaka.

Na kanisa je? Wakati watoto wetu wako mbali, watoto wa wengine wako kwetu. Jumapili tunawaona kwenye mabenchi ya nyuma wamevaa sare, wengine wametoka mikoa ya mbali, hawamjui mtu hapa. Umoja wa wanafunzi, UKWATA, huwakusanya shuleni, lakini chama cha wanafunzi hakipiki ugali wala hakikai na mgonjwa. Familia moja ikimwalika mwanafunzi mmoja chakula cha mchana mara moja kwa mwezi, imefanya kazi ya Hana kwa niaba ya mama aliye mbali. Huenda na mama mwingine huko anamfanyia hivyo binti yetu.

Mahali hapa petu hapajasahau jinsi ya kupokea watu. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa kama saa 24, watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo, na Benaco ikawa mji wa mahema. Kuni zilikwisha, maji yalipungua, njia zilijaa. Hata hivyo, kabla mwaka ule haujaisha, watoto wa kambini walikuwa wakisoma. Hawakuwa na madarasa kama tuyajuavyo. Walikuwa na mwalimu, chaki, vitabu vichache, na watu wazima waliokubaliana kwamba mtoto asikae bure. Kama shule iliweza kuanza hapa katika hali ile, je, mwaka huu sisi tutashindwa na godoro la mtoto mmoja?

Basi tunapendekeza mambo matatu yafanyike katika kila mtaa, bila kungoja fedha ya mtu wa nje. Kwanza, katekista aandike orodha ya vijana wote waliochaguliwa, wa kwenda Kidato cha Tano na wa vyuo vya kati, na isomwe kanisani ili wote wawajue. Pili, mwezi wa Juni itengwe siku moja ya kuleta vitu: sanduku, vitabu, ndoo, debe la maharage, kila mtu kwa kadiri yake. Tatu, wachaguliwe watu wazima wawili wa kuwafuatilia wale wasio na wazazi, kwa simu na kwa barua, hadi wamalize Kidato cha Sita.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika mtaa wetu, ni vijana wangapi waliochaguliwa mwaka jana ambao hawakuripoti shuleni? Sababu ilikuwa nini hasa? Je, tuliijua wakati ule?

2. Chukueni fomu moja ya kujiunga na kuigawa orodha yake katika mafungu matatu. Ni vitu vingapi vya fungu la tatu vinavyopatikana tayari katika nyumba za kikundi hiki?

3. Kama nyumba moja ina kaka na dada, wote wamechaguliwa, na fedha yatosha nauli ya mmoja tu, kikundi chenu kitafanya nini kabla nyumba hiyo haijaamua peke yake?

4. Nani kati yetu ameangalia cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake na kulinganisha majina? Kila mmoja akaangalie juma hili, na alete taarifa katika mkutano ujao.

5. Taja jina la mwanafunzi mmoja kutoka mbali anayesali pamoja nasi. Kama hakuna anayeweza kulitaja, tufanye nini Jumapili ijayo?